Mchumaji wa Mistari ya Chini

Haya sikusimuliwa. Niliyaona mimi mwenyewe, asubuhi kumeshapambazuka, huko kwetu karibu na Gakindu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa, na nilitaka baiskeli. Si ya kuazima, yangu. Nilikuwa nimeiona dukani, nyekundu, ina gia, na kila nikipita pale nilisimama kuiangalia kama mtu anayechumbia. Baba alisema, "Nunua, lakini mfuko wangu usiuguse." Basi mimi na binamu yangu Wangeci tukaenda kuchuma kahawa kwa jirani. Jioni ya kwanza niliposhika pesa ya jasho langu, niliiweka chini ya mto nikalala nikicheka peke yangu. Umewahi kuonja furaha hiyo?

Siku ninayokuambia, ilibaki kidogo tu baiskeli iwe yangu. Sikuweza hata kunywa chai. Nikamtangulia Wangeci shambani, ukungu ungali umelala juu ya mibuni, nikateremka na debe langu hadi mistari ya chini. Hapo nikamkuta mwanamke nisiyemjua, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, akichuma. Niamini, sijaona mikono ikikimbia vile.

"Unatafutia nini pesa, mtoto wangu?" akaniuliza.

"Baiskeli, mama."

Akacheka kwa raha. "Ati baiskeli tu? Kuja huku kwa mto. Iko kahawa mingi, imeiva, na hakuna mtu anachuma. Nitakujazia debe, na sitaki kitu."

Moyo ukaniruka. Nilijiona tayari nikiteremka barabarani, upepo usoni. Nikamfuata. Alikuwa akichuma huku akitembea, mkono mmoja kwenye matawi, mwingine kisogoni, na kiondo chake kitupu. Sasa kahawa ilikuwa inaenda wapi?

Tawi likashika kitambaa, kikaanguka. Nyuma ya kichwa chake, katikati ya nywele, palikuwa na mdomo. Mdomo mzima, una meno, unatafuna, maji mekundu yakichuruzika shingoni. Cucu, nyanya yetu, alikuwa akitusimulia habari za irimu, zimwi lenye mdomo kisogoni. Mimi nilidhani ni maneno ya kulaza watoto.

Hakugeuka. Mdomo ule wa nyuma ndio ulisema, polepole, "Mbona umesimama? Na baiskeli?" Mkono wake ukaja nyuma, ukanishika kifundo cha mkono.

Nikasukuma debe mdomoni kwa nguvu zangu zote. Meno yakaling'ata, vidole vikalegea, nami nikapanda ule mlima nikipita katikati ya mibuni kama swara, mpaka nikagongana na Wangeci.

Jua lilipotoka tukamweleza nyapara wa shamba, akashuka kuangalia. Alirudi na debe langu, bati limetobolewa kwa safu ya meno. Alinipa debe jingine, akatuambia tuchume mistari ya juu.

Baiskeli niliinunua. Wangeci akapanda nyuma, tukateremka mpaka sokoni tukiimba, watu wakitoka madukani kututazama. Lakini kifundo changu hakijapata joto tangu siku ile. Hata nikienda Sagana, jua likichoma, pale aliponishika ni baridi kama maji ya mlimani. Ukitaka, gusa.

Nawe unayetafuta cha kwako, tafuta, ni raha isiyo na kifani. Ila mgeni akikuambia atakujazia bure, usimtazame usoni. Zunguka, umwangalie kisogo.