Mugeni Aliyekausha Robe ya Ubatizo

Batu ya Matonge, mukaribie! Maman, acha kwanza ile sahani. Mutasema niko naongeza chumvi. Bon, naongezaka, kweli. Lakini hii niliiona na macho yangu mbili, na sikukuwa nimekunywa hata bière moja.

Ilikuwa miaka ya tisini, tulikuwa bapya hapa Bruxelles, Ubelgiji. Mutoto wetu wa kwanza alipashwa kubatizwa dimanche, siku ya Mungu, saa tisa ya muchana. Koko, mama mukwe wangu, mama ya bibi yangu, alimushonea robe, kanzu ndogo mweupe, na mukono, mwezi muzima. Samedi, kesho yake ni ubatizo, mimi huyu, nikaimwangia mafuta ya mawese! Bibi akaifua. Lakini kukauka? Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, radiateur ya kupasha nyumba moto imekufa, hata chumvi mu nyumba ilikuwa inatoa machozi.

Bibi akaniambia: «Papa, mutoto akikosa ubatizo juu ya mawese yako, utabatizwa weye, na hii sufuria.»

Dimanche asubuhi nikaenda ku soko ya Gare du Midi, pale treni zinasimamaka, kutafuta fer à repasser, pasi ya kunyoosha nguo. Mvua inapiga. Nikaona muntu murefu, kitambaa ku kichwa, anauzisha majiwe meusi. Hana parapluie, hana mwavuli. Na ni mukavu! Mvua ilikuwa inashuka mpaka karibu na kichwa yake, inapotea. Munafikiri nilikimbia? Nikamuuliza: «Tonton, weye ni wa wapi?»

«Wa juu ya mulima, katikati ya jangwa.»

Akanielezea, pole pole. Kule juu hakuna muchanga, ni majiwe tu. Saa sita ya muchana jiwe linachoma muguu. Ukiingia mu kivuli, unatetemeka. Asubuhi maji mu mashimo ya jiwe ni glace, barafu kabisa. Na mvua? «Inaangukaka,» akasema, «lakini inakaukia mu hewa. Haifikake chini.»

Mwenye akili angeomba Mungu. Mimi niliona kamba ya nguo! Nikasema: «Tonton, njoo ule kwetu.»

Kufika tu, sikumupa hata kiti. Nikamwambia anyooshe mikono, nikatundika robe.

«Papa!» bibi akalalamika. «Mugeni wa batu hajanawa hata mikono, unamugeuza kamba?»

Hata sijafunga mulango, robe ilikuwa mukavu. Sombe mu sufuria, majani ya muhogo, nayo ikakauka ikawa tumbaku! Yule muntu akanipatia robe, akasema: «Haitaloa tena.» Mimi, mujinga: «Merci!» Akatoka. Bibi akamukimbilia na maji ya kunawa. Ku escalier, ku ngazi, hakuna muntu, hakuna hata sauti ya kiatu. Baridi tu, kama mu frigo.

Ile robe tuko nayo mpaka leo. Uitie mu maji, maji inakimbia. Bibi anaiwekaka mu unga ya bugali, ile unga isiote ukungu. Donc munisikie: mugeni mumupe kiti. Kazi, hapana.

Turudi ku ile dimanche, ku kanisa, mutoto amevaa robe yake. Padri akamwanga maji: ikapotea mu hewa. Mara ya pili, bure. Ya tatu, kichwa ya mutoto kavu kama jiwe. Bibi akaanza kulia: «Mungu amekataa mutoto wangu!» Mimi natazama viatu. Alors Koko, ule mwenye alishona, akasimama na fimbo yake, akapaza sauti:

«Padri, muvue ile robe! Mungu alimuona uchi mbele sisi bote tumuone!»