Siku Nilipolitoroka Darasa Langu Mwenyewe

Naanza na aibu yenyewe ili mkicheka mcheke mapema: mie niliyekuwa najitapa Temeke nzima kwamba Kiingereza nimekimaliza kidato cha nne, niliwahi kulitoroka darasa nililokuwa nalifundisha mwenyewe, tena la watu wenye umri wa wazazi wangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, aliyesoma anamfundisha asiyesoma, nami nilijitolea kufundisha Kiingereza alasiri katika banda la mtaa wetu (kujitolea kwenyewe kulikuwa na sababu, maana afisa wa elimu aliahidi kunipa barua ya kuingia chuo cha ualimu, na siku hiyo saa kumi na moja alikuwa anakuja kuniona nikifundisha). Saa tisa tukaanza, tukafika kwenye sentensi iliyomkwaza Mzee Lipande, mchonga vinyago kutoka kusini, aliyetaka kuongea na wageni wanaonunua kazi zake.

"Mwalimu, hii 'I have been carving' ni nachonga, nimechonga, au nilikuwa nachonga?"

Jamani, sikujua. Somo hilo lilipofundishwa shuleni mie nilikuwa nazurura Kigamboni. Ningekiri tu, yakaisha. Badala yake nikakohoa, nikasema hilo linaeleweka kwa vitendo, Mzee achonge, Bibi Mwanahawa asuke ukili wa mkeka wake, na wengine kila mtu na kazi yake, "na asiache mtu mpaka nirudi." Nikachomoka kwenda kwa Sebastiani, rafiki yangu niliyesoma naye, mtaa wa pili, nikachungulie daftari lake dakika tano tu.

Nikamkuta anakula. Nikanawa, tukala wali na samaki, nikamsimulia safari zangu za Mtwara na Mwanza, daftari nikalikumbuka chai inamiminwa, na kulifungua nikakuta somo lile halimo, kwa sababu siku ile tulitoroka pamoja.

Kurudi, baiskeli ya afisa iko nje. Ndani mwenyewe amekalia kiti changu, ukili wa Bibi Mwanahawa umefika mlangoni, na patasi inagonga.

"Shikamoo, ndugu afisa."

"Marahaba. Hawa wanafanya nini?"

"Tumeambiwa tusiache, baba," Bibi Mwanahawa akamjibu.

Mzee Lipande akainua kinyago. "Huyu alikuwa na pua, Mwalimu. Pua imeisha. Nikiendelea natokea kisogoni."

Banda zima likacheka. Afisa akachukua chaki, akaigusa ile sentensi ubaoni, akawauliza kazi hizo walizianza saa ngapi.

"Tisa na nusu."

"Sasa ni kumi na moja na bado mnafanya. Maana yake ndiyo hiyo, kazi ilianza nyuma, imekuja mpaka sasa, haijakoma."

"Kumbe," akasema Mzee Lipande. "Basi Mwalimu katufundisha vizuri."

"Na Mwalimu alikuwa wapi?"

Nikasema kweli (ningesema nini, nami nanuka samaki). Afisa akaikunja ile barua ya chuo aliyokuja nayo, akairudisha mfukoni, akaniambia nikae. Bibi Mwanahawa akakusanya ukili wake kunipisha kwenye benchi.

"Sogea hapa, mwanangu, ubao unaonekana."

Nikakaa, afisa akalishika darasa, nami nikasoma nao miezi miwili niliyoifurahia kuliko shule yote. Chuoni sikwenda, nimezunguka nchi kwa kazi nyingine, na sinung'uniki. Ila tangu siku ile, mtu akiniuliza nisichokijua, namwambia sijui, na nabaki pale pale nilipo.