Mzee wa kanisa mbele ya swali la nne

Leo mjukuu wangu amenipima uaminifu, nami nimeanguka.

Achieng anachunguza jinsi wanafunzi wenzake wa chuo wanavyopendana na kudanganyana mtandaoni. Alitaka kuyajaribu maswali yake kwangu kwanza, hapa nyumbani Kaloleni.

La nne likawa hili: "Kwara," aliniita, yaani babu kwa Kiluo, "umewahi kumwandikia mtu wa karibu kwamba umefanya jambo ambalo hukulifanya?"

"Mimi ni mzee wa kanisa. Andika hapana."

Kabla hajaandika, simu ililia, nikaipokea kwa spika. Alikuwa Mama Atieno wa Asembo Bay, anayeugua goti.

"Mzee, asante kwa maombi yako ya asubuhi!"

Ndugu zangu, asubuhi nilimwandikia "Nimekuombea" huku nikipuliza chai. Sikuwa nimeomba.

Achieng alinitazama, kalamu mkononi. Nikakiri kwa Mama ukweli wote.

Akacheka sana. "Basi tusameheane, Mzee! Nilipokujibu kwamba goti limepona, nilikuwa kitandani, hata kusimama siwezi."

Tukaomba papo hapo, kwa simu, kwa dhati. Achieng akaitikia, kisha akaandika: wawili.

Nanyi mlioandika "Amina" kwenye maoni hapa chini kabla ya kufika mwisho, jitajeni. Binti bado anahesabu.