Mikono yangu ilijua, lakini alikuwa mama mukwe

Kosa ni langu. Naanza hapo, maana nikianza pengine nitajitetea, na nimejitetea vya kutosha peke yangu kitandani.

Mi ni mulimaji wa mihogo huku Baraka, shule niliishia darasa la sita. Kama naandika vibaya, munisamehe. Mwaka jana mutaa wetu ulinichagua kwenda kufundishwa namna ya kusaidia mutu ambaye moyo wake umesimama gafula. Munganga wa kituo cha afya alituletea mutu wa plastiki, akatuonyesha: mikono miwili katikati ya kifua, finya kwa nguvu, haraka haraka, usiache mpaka musaada ufike. Akasema tena: "Mutu akianguka, hajibu, iko anakoroma tu, musiseme ile ni pumzi. Finyeni!" Akauliza nani ameelewa. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mukono. Wa kwanza, jamani!

Nyumbani nilijizoeza juu ya mufuko wa unga wa muhogo. Mama mukwe alikuwa kwetu, alitoka Nundu kuja kusaidia muke wangu aliyezaa kwa kupasuliwa. Sasa kwetu, mwanaume na mama mukwe wake habagusani, habali sahani moja, habaangaliani machoni. Hata maneno yanapita kwa mutu mwingine. Si chuki, ni heshima. Basi mama akasema na binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia mi upande wa pili wa ukuta:

"Mama Neema, ambia mume wako asiue ule unga. Tuko tunautaka kwa bugali!"

"Mama, anajifunza kuponya batu."

"Eh! Na mi siku nikianguka, atanifinya na muti wa ufagio?"

Tulicheka sote, kila mutu upande wake.

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mama alikuwa anafua nguo za mutoto kwenye kiwanja. Nikasikia beseni inaanguka, nikatoka mbio. Amelala chali, maji ya sabuni yanapita chini yake, kitenge kimefunguka. Nikageuza uso.

Ee Mungu! Kitu cha kwanza nilichofanya, niligeuza uso!

Muke wangu akatoka, mukono kwenye kidonda cha tumbo. "Mama! Mama! Baba Neema, hajibu!"

"Anapumua?"

"Iko anakoroma."

Nilijua ile kukoroma ni nini. Nilijua! Lakini nikajiambia, bado anapumua, tungojee bamama ba jirani.

"Baba Neema, fanya ile ya mufuko!"

"Ni mama yako."

"Si ndiyo nakuambia, ni mama yangu!"

Sikusogea. Basi akapiga magoti yeye mwenyewe, siku kumi na moja tu tangu apasuliwe. Na mi, nikiwa nimebageuzia mugongo, nikaanza kumufundisha. Katikati ya kifua. Nyoosha viwiko. Finya kwa nguvu! Nikawa namuhesabia kwa sauti. Mwanaume mwenye mikono mizima, anahesabu akiangalia ukuta! Hatukufika ishirini. Maumivu yakamushinda, akalala pembeni ya mama yake. "Siwezi. Siwezi tena."

Hapo nikakimbia. Nilijiambia nafuata pikipiki. Pengine kweli nilifuata pikipiki, pengine nilikimbia tu. Mpaka leo sijui.

Jirani yetu, Mama Furaha, alifika nilipokwisha kuondoka. Alimumwagia mama maji usoni, akamupepea, akaomba. Simulaumu hata kidogo. Yeye hakufundishwa.

Niliporudi na mwenye pikipiki, kukoroma kulikuwa kumekwisha. Yeye alishika usukani, na hakukuwa mwanaume mwingine wa kumubeba. Nikamubeba mi. Tukamuweka katikati, mi nyuma, nikamukumbatia mpaka kituo cha afya, kichwa chake kimeegemea bega langu. Ile kumugusa yote niliyoikataa, niliifanya. Kwa maiti.

Niseme haki. Munganga alikuwa ametuambia kwamba hata ukifinya vizuri, bengi habarudi, na huku kwetu musaada uko mbali. Pengine angekufa tu. Muke wangu pia ananiambia hivyo. Lakini ananiambia akinipa mugongo.

Na matanga kule Nundu! Bamama balisikia tu kwamba niligeuza uso, basi balikuwa bananisifu: "Huyu ndiye mukwe! Hata saa ya kifo hakumuangalia mama wa batu uchi." Siku ya mwisho nilishindwa. Nikamuendea baba mukwe, nikamuambia yote: mafunzo, mufuko, ukuta.

"Baba, niliogopa kuvunja desturi."

"Mwanangu, desturi ikivunjika iko na dawa yake. Ungemugusa, ungeleta kuku moja, bazee bangesema maneno mawili, imekwisha." Akajipangusa uso na kiganja. "Na yeye ndiye angeipika."

Hakunifukuza. Heri angenifukuza.

Basi we unayesoma, kama umefundishwa kitu hiki na uko na mama mukwe, usingojee siku ya beseni kuanguka. Leo hii, angali muzima, mutume muke wako amuulize: siku ukianguka, nikuguse? Na jibu lake ulisikilize vizuri.

Wangu hata sikuhitaji kumuuliza. Aliniuliza yeye mwenyewe, kupitia ukuta, na mi nikamujibu kwa kicheko.