Jemedari na Shamba la Ngano

Mama Pacha alikuwa mkulima, mke wa dereva wa lori aliyeonekana nyumbani kwa nadra, na mkwe wa bibi mmoja mfupi ambaye mwanawe mwenyewe alimbandika jina la Jemedari. Shamba la ngano lilikuwa la Mama Pacha, ng'ombe walikuwa wa Jemedari. Kila msimu, ngano ikiwa changa, ng'ombe waliingizwa wakaila. Kisha walitolewa mapema ili ichipue tena na kuzaa nafaka.

Mwaka ule mvua zilikatika ghafla. Nje ya uzio yakabaki mavumbi matupu.

Asubuhi moja Mama Pacha aling'oa shina la ngano, akalipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani, suke dogo kama punje ya mchele lilikuwa limeshaanza kupanda juu. Ng'ombe wakiendelea kula, wangeyala masuke yenyewe.

"Mama, leo ng'ombe watoke," alisema.

Jemedari alikuwa akikamua. Hakugeuka. "Waende wapi? Wakale mawe?"

"Nitawatafutia mabua. Wakibaki humu, hatutakuwa na unga."

"Unga! Hao pacha wako wamekua kwa maziwa ya nani?"

Neno hilo lilimkata maini, maana lilikuwa kweli. Hata hivyo aliwaswaga ng'ombe hadi zizini, akafunga lango la shamba kwa waya, akasukuma mkokoteni kwenda kuomba mabua kwa majirani. Ng'ombe walibaki wakilia kama walioonewa.

Aliporudi na mkokoteni usiojaa hata nusu, waya ulikuwa umefunguliwa. Ng'ombe walikuwa katikati ya ngano, vichwa chini. Alikimbia akipiga mayowe, akawafukuza kwa mikono mitupu.

"Nani amefungua?"

"Mimi." Jemedari alisimama langoni na fimbo yake. "Mtamba wangu ameanguka zizini. Ana mimba na hawezi kuinuka. Ulitaka nimtazame tu akifa?"

Mama Pacha akaenda zizini. Mtamba alilala ubavu, mbavu zimemtoka.

"Ngano ya ile kona iliyo karibu na kisima nimewaachia ng'ombe," alisema hatimaye. "Tutaikata, tuwaletee humu humu. Lakini shambani sitaki kuona kwato tena."

"Unaniamrisha?"

"Nakuomba, Mama. Ila ukifungua tena, nitachukua wanangu niondoke."

Jemedari alimkazia macho. Kisha akanyoosha mkono. "Lete mundu."

Walikata mpaka migongo ikawaka moto. Mtamba alikula akiwa amelala. Kesho yake walimwinua kwa kamba na magunia, wakimsukuma kwa mabega, Jemedari akimtukana kwa mapenzi. Baadaye alizaa salama. Lakini ng'ombe mzee, kipenzi cha Jemedari, hakustahimili njaa. Jemedari alimlilia peke yake nyuma ya zizi, na kwa muda mrefu salamu za nyumba ile zilikuwa za baridi.

Mvua ziliporudi, ngano iliinuka, isipokuwa pale ilipoliwa siku ile na kule ilikokatwa. Ghala halikujaa, ila unga ulipatikana.

Siku ya kupura, Jemedari alikaa juu ya rundo la mabua akijifuta makapi usoni.

"Mama Pacha!"

"Abee, Mama."

"Msimu ujao tuwatengee ng'ombe sehemu yao kabisa. Sina nguvu za kugombana nawe tena."

"Hata mimi sina, Mama."

"Wewe unazo," alisema Jemedari, akasogea kumpisha akae.