Upawa wa Mia Sita Sitini

Mimi nimeolewa na mtu anayeyeyusha vitu. Mama yangu aliponiuliza, "Huyo kijana anafanya kazi gani?" nilimjibu hivyo hivyo, naye akasema, "Basi ficha vijiko." Sikumsikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu ni zima, ila vijiko sina hata kimoja.

Kazi yake ni kusubu sufuria. Anakusanya alumini chakavu, vipande vya injini, fremu za madirisha, sufuria za watu zilizotoboka, anaviyeyusha vyote kwenye tanuri nyuma ya nyumba yetu, halafu anachota kwa upawa na kumimina kwenye kalibu za mchanga. Kesho yake zinatoka sufuria mpya, na masikio yake mawili. Mtaa mzima wanamwita Mia Sita Sitini, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto mia sita sitini, naye hajawahi kumaliza salamu bila kulitaja jambo hilo. Ukimwambia, "Leo jua kali," anakujibu, "Kali wapi? Hata mshumaa haujalegea!"

Kipimajoto hana, hajawahi kuwa nacho. Anachungulia tu, anatumbukiza kijiti, anakiangalia kinavyoungua, anasema, "Tayari." Lakini namba zote anazo kichwani. Alizitoa tangu utotoni kwenye kalenda kuukuu ya duka la vifaa vya kuchomelea, ambayo mpaka leo imebandikwa kwenye mlango wa chumba chetu cha kulala. Wenzangu wakifumbua macho asubuhi wanaona picha ya harusi yao. Mimi naona chuma 1,538, shaba 1,085, zinki 419, risasi 327, bati 232.

Binadamu nao kawapangia namba. Mama yangu kampa tangsteni, ule uzi wa ndani ya balbu, elfu tatu mia nne na ushee. "Mama mkwe hayeyuki," anasema, "hata umfanyeje." Kaka yangu, ambaye ukimwambia pole tu machozi haya hapa, kampa samli, nyuzi thelathini na tano. Jinsi nilivyomcheka kaka yangu! Nilimtania mwaka mzima, kila nikimwona namwuliza kama nimweke kwenye chupa au kwenye kopo.

"Na mimi je?" nikamwuliza mume wangu.

"Wewe bado nakupima."

Miaka ishirini na sita ananipima! Mkaa wa dunia nzima ungekuwa umekwisha. Ila nilijua mwenyewe kwamba sipungui chuma. Mume wangu hajawahi kuliona chozi langu, labda la kitunguu.

Sasa, mtu huyu shule alifukuzwa akiwa darasa la sita, na sababu ni kombe. Shule yao ilishinda mbio, ikapewa kombe, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba ni la fedha tupu. Mume wangu, mtoto wa miaka kumi na miwili, hakuamini. Akalichukua kabatini, akaliweka juu ya jiko la mkaa la mpishi wa shule, akapepea. Likalala chali lote. Mwalimu mkuu alipokuja mbio, yeye akamwambia kwa furaha kabisa, "Mwalimu, fedha inataka nyuzi mia tisa sitini na moja! Jiko hili haliwezi! Kombe lako ni zinki!" Viboko alivyopata siku hiyo hakuvihesabu, na darasani hakurudi tena. Akijisahau, mpaka leo, huwa anasema, "Laiti ningekuwa mwalimu." Halafu anakohoa na kujifanya alikuwa anazungumzia mchanga.

Kwa hiyo mkuu wa chuo cha ufundi, mama mmoja mrefu wa miwani, alipokuja kununua sufuria moja akakaa saa tatu akimsikiliza, mimi niliacha kufua nikatega sikio. Yule mama akasema chuo kinatafuta mwalimu wa kusubu. Cheti si lazima. Ila aje karakanani Jumatano, saa nne asubuhi, na vifaa vyake, asubu sufuria moja mbele ya walimu wakubali wenyewe. Akishindwa, nafasi itaenda kwa mwingine.

Wiki ile sahani yake ilirudi jikoni imejaa. Alisimama uani akawafundisha kuku. "Hamjambo wanafunzi?" Kuku wakamtazama. "Nani ataniambia risasi inayeyuka nyuzi ngapi? Wewe mwekundu pale nyuma?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini moyoni nilikuwa naomba: apate, jamani, apate mara hii tu.

Na kwa kutaka apate, nikamharibia.

Jumanne nilimfungia mkoba wa vifaa. Koleo, sawa. Glavu, sawa. Halafu nikatoa upawa wake. Ni upawa wa chuma, alioutengeneza mwenyewe kabla hatujaoana, mweusi tii, mpini umefungwa waya, ukiuona utadhani umefukuliwa. Nikasema, mume wangu asimame mbele ya watu wenye tai zao na dude hili? Labda niwe nimekufa. Nikaenda sokoni, nikanunua upawa mkubwa, mpini mrefu, unang'aa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Muuzaji akaniapia, "Mama, hiki hakishiki kutu maisha." Kutu haukushika kweli, hapo hakunidanganya. Nikautia mkobani, lile dude nikalisukumia chini ya kitanda.

Mke wa miaka ishirini na sita, namba ziko mlangoni, na sikujiuliza mbona upawa ni mwepesi hivi!

Karakana ya chuo ilikuwa safi kuliko jiko langu. Walimu watano walisimama kwa mstari, na katikati mhandisi mmoja aliyekunja mikono, uso umekunjamana kama mtu aliyeonja ndimu. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, na gauni langu jipya. Mume wangu akawasha tanuri lao, akayeyusha, akachungulia, akatumbukiza kijiti. "Tayari," akasema. Mhandisi akaingiza kipimajoto chake, akakitazama mara mbili, akakuna kidevu. Nikajisemea, haya, kazi tumepata.

Mume wangu akaingiza mkono mkobani, akatoa upawa.

Akasimama. Akaupima mkononi, juu, chini, juu. Kisha akageuza kichwa akanitazama. Nami, mjinga wa kupindukia, nikatabasamu na kumnyanyulia dole gumba.

Akaushikilia juu ya moto kwanza, maana chombo chenye unyevu kikigusa madini yaliyoyeyuka, yanalipuka. Chuma kikipashwa vile huona haya, kinakuwa chekundu. Ule haukuona haya hata kidogo, ukabaki mweupe vile vile. Hapo ndipo nilipozikumbuka namba za mlangoni. Nikainuka nipige kelele, nikachelewa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: akautumbukiza, akahesabu kimya kimya, akainua.

Ukatoka mpini. Mpini mtupu!

Mhandisi akasogea, akainama juu ya chungu cha kuyeyushia, akauliza, "Mzee, upawa uko wapi?"

"Umo humo," mume wangu akajibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na benchi lake. Lakini yeye akauweka ule mpini mezani taratibu, akafuta mikono, akawageukia walimu wale kama anavyowageukia kuku.

"Somo la kwanza," akasema. "Chombo cha kuchotea lazima kiyeyuke baada ya kinachochotwa. Mia sita sitini haiwezi kuchota mia sita sitini. Ukimwambia mwanafunzi kwa mdomo, atasahau kabla ya chakula cha mchana. Ukimwonyesha hivi, atazeeka nalo. Sasa nipeni upawa wa chuma. Na msiusikitikie ule mwingine, umeongeza sufuria."

Wakampa wa kwao. Akaondoa uchafu wa juu, akachota, akamimina, hata tone halikumwagika. Sufuria ilipopoa na kutolewa mchangani, mhandisi akaigonga kwa kidole, ikalia ngaa! Uso wake ukakunjuka. Mkuu wa chuo alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko.

"Mzee, ulilipanga hili tangu nyumbani?" mkuu akamwuliza.

"Mwalimu hupanga somo lake," akajibu.

"Basi Jumatatu uanze. Na kila muhula mpya somo la kwanza liwe hilo hilo."

Njia nzima yeye alipiga mluzi. Tulipofika nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikalivuta lile dude chini ya kitanda. Yeye alikuwa amekaa anavua viatu.

"Baba watoto, nisamehe. Nilibadilisha mimi."

"Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Nilipoushika tu. Tangu lini chuma kikawa chepesi kama unyoya?"

Nikamkodolea macho. "Ulijua ni alumini ukautumbukiza? Una wazimu? Si ungewaomba wa kwao mapema!"

"Ningewaomba, wangeniuliza wangu uko wapi." Akahangaika na kamba ya kiatu. "Ningewajibu nini? Kwamba mke wangu kanifungia upawa usiofaa? Nawe umekaa pale na gauni lako jipya, umeninyanyulia dole gumba?"

"Na lile somo?"

"Somo lilikuja baadaye, nilipoona mpini. Namshukuru Mungu lilikuja."

"Ungekosa kazi! Kazi uliyoitaka tangu lile kombe!"

"Ningekosa," akasema, kama mtu anayesema chai imepoa. "Lakini wasingekucheka wewe."

Nilitaka kumgombeza, wallahi nilitaka. Nilifumbua mdomo, na badala ya maneno kikatoka kilio, kilio hasa, na kamasi zake, nimekumbatia upawa mweusi mpaka gauni jipya likaharibika lote. Yeye akanitazama sana, vile anavyochungulia tanuri. Kisha akainuka na kiatu kimoja mguuni, akachukua penseli, akaenda mlangoni kwenye kalenda yake, akaandika chini kabisa, chini ya bati: *Mke wangu, 35.*

Kaka yangu hajaiona. Na atakayemwambia, nitamyeyusha mimi mwenyewe.