Kadi yetu ya kisima ilivyogeuzwa "elimu kwa jamii", na mimi nikaifungia kwa sala

Wakuu, amani iwe kwenu. Mie ni mzee na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nilikuwa katekista kwa miaka mingi. Sasa nimestaafu, nakaa Chanika. Namshukuru Mungu kwa afya na kwa majirani alionipa.

Mtaani kwetu bomba halijafika. Tulikuwa tunachota kwa Bi Zuhura, mama mtu mzima kutoka Lindi, aliyechimba kisima uani kwake na hakuwahi kumnyima mtu ndoo. Waislamu kwa Wakristo, wote pale.

Kisha magari ya majitaka yakaanza kumwaga kwenye korongo lililo juu ya nyumba yake.

Ilianza harufu. Halafu maji yakawa na utelezi, unanawa mikono unaona kama umejipaka mafuta. Watoto wakaanza kuharisha. Mjukuu wa Bi Zuhura akalazwa, namshukuru Mungu alipona. Tukapeleka malalamiko, tukaambiwa suala linashughulikiwa.

Hapo ndipo ulipokuja mwaliko.

Asasi moja ya kiraia ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi kuhusu Malengo ya Maendeleo Endelevu. Maoni yangeingia kwenye ripoti ya azaki, yaani asasi zote za kiraia za nchi, na ripoti ingesomwa ng'ambo kwenye mkutano wa kimataifa. Kila mtaa utoe mwakilishi mmoja.

Kwenye kikao cha mtaa, Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. "Mie nikienda nitagombana nao mlangoni," alisema, watu wakacheka. "Aende Katekista, ana subira, anajua kusema na wakubwa."

Kikao kilipoisha akanivuta pembeni. "Kasemee kitu kimoja tu, kisima. Hayo mengine ya dunia watayasema wenye dunia yao."

Warsha ilikuwa ukumbini Tegeta, kiyoyozi kinapuliza mpaka magoti yanauma. Tukagawanywa kwenye makundi, kila kundi likapewa kadi za rangi na kalamu nene. Kadi moja, wazo moja, maneno yasizidi saba.

Niliandika: "Magari yanamwaga majitaka, kisima chetu kimeharibika."

Nikaipeleka ukutani nikaibandika kwa mkono wangu. Nilijiona nimemaliza kazi niliyotumwa.

Walioko kwenye NGO wanajua kinachofuata. Kadi zikishajaa ukutani, zinapangwa upya, zinazofanana zikae pamoja chini ya kichwa kimoja. Mwezeshaji wetu, dada mpole sana, akaibandua kadi yetu, akaitazama, akaihamishia chini ya kichwa kilichoandikwa "Elimu ya mazingira kwa jamii".

Nikanyoosha mkono.

"Dada, hiyo yetu si ya elimu. Wanaomwaga wanajua wanachofanya."

"Nimekupata baba. Lakini ukiangalia root cause, mzizi wa tatizo, ni uelewa mdogo. Na tukiacha kila kadi ikae peke yake, ripoti haitasomeka kule. Nitaiwekea alama, tutairudia."

Nikakaa. Tukala chakula cha mchana. Hatukuirudia.

Sasa kosa langu ni hili wakuu.

Jioni kabla ya kufunga, yule dada aliuliza kama kuna mwenye nyongeza. Kadi yetu naiona, iko palepale chini ya kichwa kisicho chake. Nikajiambia, si vizuri kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya wageni. Maisha yangu yote nimefundishwa kuuzuia ulimi, na nimewafundisha wengine hivyohivyo. Nikanyamaza.

"Basi tumwombe baba katekista atufungie kwa sala."

Nikasimama. Nikashukuru kwa kazi njema iliyofanyika siku ile. Nikaomba yote tuliyokubaliana yafike salama huko yanakokwenda. Ukumbi mzima ukaitikia Amina.

Niliporudi, Bi Zuhura alikuwa ananisubiri kwenye geti lake.

"Enhe, Katekista! Ulikwenda kula pilau au umesema?"

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Imeandikwa."

Akainua mikono akashukuru. Wakuu, hakuna neno hata moja la uongo katika hayo niliyomjibu, na mpaka leo nayaungama kama uongo.

Miezi ikapita, magari yanamwaga vilevile. Bi Zuhura akaacha kutawadha kwa maji ya kisima chake, akawa anaagiza ndoo kutoka kwenye boza, lile gari la kuuza maji.

Kisha asasi ikarudi na habari njema. Ripoti ilisomwa ng'ambo na imepokelewa vizuri. Wafadhili wameguswa, na eneo letu limepata mradi.

Mradi wenyewe ulikuwa semina ya elimu ya mazingira kwa jamii.

Ilifanyika Jumamosi asubuhi chini ya turubai, kwenye uwanja wa shule. Tukapewa fulana. Mkufunzi akatufundisha kuchemsha maji, kutotupa taka ovyo, na kunawa mikono kwa hatua. Bi Zuhura alikaa mbele, fulana yake ameikunja mapajani.

"Mwanangu," alisema, "mie nilikuwa nanawa mara tano kwa siku kabla mama yako hajaolewa. Nionyeshe maji, kunawa najua."

Turubai zima likacheka. Mkufunzi naye akacheka.

"Swali zuri sana mama. Ila sisi tumekuja na kile ambacho wananchi wa Chanika wenyewe walikitaja. Suala la magari halikujitokeza kwenye maoni."

Akamletea ripoti aone mwenyewe. Bi Zuhura akafungua ukurasa wa Chanika. Maneno yetu hayakuwepo. Picha yangu ilikuwepo. Nimefumba macho, mikono nimeifungua, na chini yake imeandikwa kwamba mwakilishi wa jamii anahitimisha mashauriano kwa sala.

Akanigeuzia ule ukurasa.

"Katekista. Hapa ulikuwa unaombea nini?"

Nikasimama, nikasema yote mbele za watu. Kwamba niliandika, kwamba niliona inahamishwa, kwamba niliulizwa nikanyamaza. Nikamwomba mkufunzi ayaandike hayo. Akaandika kwenye daftari lake. Alisema yatazingatiwa awamu ijayo.

Bi Zuhura hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Nilikuchagua kwa subira yako," alisema. "Kosa ni langu."

Wiki iliyofuata alileta kifusi akakifukia kisima. Nilikwenda kumsaidia, akanipisha nishike koleo. Leo yeye aliyetuchotesha miaka yote anapanga foleni ya boza kama sisi, na kwenye foleni ananiamkia vizuri tu. Ila mtaa ukiwa na jambo la kupeleka mbele, jina langu halitajwi tena, na sioni kama wananionea.

Nilichojifunza ni kwamba subira ni mali yangu mwenyewe. Nikikosewa mimi, naweza kusamehe na kunyamaza, na Mungu ataona. Lakini siku ile nilikuwa nimebeba la wenzangu. Nilisamehe kwa niaba ya watu ambao hawakunituma kusamehe.

Wale mnaofanya kazi kwenye azaki, nawaomba mnijibu bila kunionea haya. Kadi ikishahamishwa na ripoti ikishasomwa huko kwa wakubwa, kuna mlango wowote wa kuirudisha? Barua inaandikwa kwa nani? Na wewe uliyewahi kutumwa na mtaa wako ukanyamaza, niambie ulirudi kuwaambia nini. Mie niko hapa, nasoma kila mtakachoandika.